Kabla ya Kuchagua Programu, Ijue Fida Moja kwa Miguu

Usiku wa Jumamosi moja kebo ya kilovolti 11 ilipasuka upande wa Tudor, mtaa wa Mombasa. Mafundi walifika, wakakitenga kipande kilichoharibika, kisha wakaifunga, yaani wakaifanya ipitishe umeme, swichi ambayo siku zote huachwa wazi, bila kupitisha, baina ya fida mbili (fida ni laini inayotoa umeme kwenye kituo na kuupeleka mitaani), ili waliokosa stima waipate kutoka fida jirani. Kufika saa nane za usiku taa zilikuwa zimerudi na watu wamelala. Kazi safi. Ila kebo yenyewe ilikaa miezi ikingoja kuungwa, na muda wote huo swichi ile ilibaki imefungwa. Mimi huku ofisini nilikuwa na programu mpya ya kupanga mtandao wa umeme, iliyonunuliwa kwa pesa nyingi, na ndani yake swichi ilikuwa wazi kama ilivyochorwa siku ya kwanza. Likaja ombi la mwenye kiwanda cha barafu anayetaka kuunganishwa. Nikaendesha hesabu, nikaona fida ina nafasi, nikaandika kwamba akubaliwe. Jioni mashine zake zilipowashwa, wakati kila nyumba ina feni inayozunguka, breka ya fida iliruka, na mtaa mzima ukaingia gizani pamoja naye.

Hesabu ya programu ilikuwa sahihi kabisa, kwa mtandao ambao ulishabadilika tangu Jumamosi ile.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia sasa katika kazi ya kupanga usambazaji wa umeme. Nimeifanya kazi hii Mombasa kwa miaka, nimepitia kuchagua programu mara mbili na kuihamia mara mbili, na najua kuwa mapema kuliko mnavyodhani mtaitwa kwenye kamati, mtapewa makabrasha, mtaulizwa ipi inafaa. Mtavutwa na rangi za skrini na orodha ndefu ya mambo ambayo kila programu inayaweza. Swali ambalo lingeniokoa mimi halimo katika makabrasha hayo. Ni hili: mtu akifunga swichi Jumamosi usiku, ni nani, kwa jina lake, atakayeiandika kwenye programu Jumatatu asubuhi? Kama hakuna anayeweza kujibu, msinunue bado.

Kwa ambaye hajaiona: programu hii hupewa sura ya mtandao, toka breka ya sabstesheni, yaani kile kituo ambako fida huanzia, hadi mita ya mteja, pamoja na mzigo ulioko kila mahali. Nayo hukokotoa umeme unapita wapi na kwa kiasi gani, volti zinashuka wapi, transfoma ipi inalemewa, fyuzi ipi ikatike kwanza waya ukianguka, na itakuwaje ukimwongeza mteja, ukihamisha mzigo au ukiweka paneli za jua. Kwa laini moja fupi hayo yote hufanyika kwa kalamu. Kwa fida yenye transfoma zaidi ya mia na mita za maelfu, kalamu haiwezi.

Nilichokifanya baada ya kisa kile cha barafu ndicho ninachowasihi mkifanye mwanzo. Nilichagua fida moja ya laini za juu upande wa Kisauni, nikaomba ruhusa, nikafuatana na mzee mmoja fundi wa laini aliyekuwa amebakisha muda mfupi kustaafu. Mimi nilikuwa na ramani kwenye tableti. Yeye hakuwa na kitu mkononi. Tulipofika mahali pa transfoma ya saba, transfoma haikuwapo. Palikuwa na nguzo tu, na matundu ya boliti yaliyozungukwa na kutu.

“Hiyo ilihamishwa, mwanangu,” akasema. “Iko kule nyuma ya madrasa.”

“Mbona kwenye ramani ingali hapa, Mzee?”

“Ramani nani aliiambia?”

Alikuwa akiuliza kweli, anataka jibu. Katika miaka yake yote ya kupanda nguzo, yeye na wenzake walihamisha transfoma, wakabadilisha waya, wakasogeza wateja kutoka laini hii hadi ile, na hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumwambia taarifa hizo zipelekwe kwa nani. Wao walijaza karatasi ya kazi, karatasi ikaenda stoo ili vifaa vilivyotumika vikatwe kwenye hesabu, na safari ya ile habari ikaishia hapo.

Tulitembea asubuhi nne. Daftari langu lilijaa. Kulikuwa na transfoma ambayo ramani iliiita kVA 200, ndicho kipimo cha mzigo inaoweza kubeba, na bamba lake likasema 315. Kwa volti 415 ya kwanza hutoa ampea kama 278 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazobeba umeme, ya pili 438, kwa hiyo programu ilikuwa ikipiga kelele kuwa transfoma imelemewa wakati imekaa raha mustarehe. Kulikuwa na kipande cha waya mwembamba katikati ya laini ya waya mnene, labda kilichowekwa usiku wa dharura kwa kuwa ndicho kilichokuwako kwenye gari. Na kulikuwa na swichi ambayo haikuwa kwenye ramani hata kidogo, ingawa kila fundi wa eneo lile aliijua na kuitumia.

Niliporudi kwenye kompyuta nikagundua jingine ambalo hulioni kwa miguu. Kwenye skrini mistari miwili ya laini inaonekana imekutana. Ukivuta karibu, na karibu zaidi, hadi mtaa wote umetoka nje ya kioo, unauona ufa kati ya ncha mbili, sentimita 20 hivi. Kwa jicho la mchoraji ramani si kitu. Kwa programu ya kupanga mtandao, umeme haupiti hapo. Wateja wote walio mbele ya ufa huo wamo gizani, kwa mujibu wa kompyuta, nao wako majumbani mwao wanatazama taarifa ya habari. Ramani iliyochorwa ili itazamwe na ramani iliyochorwa ili umeme upite ndani yake ni vitu viwili mbali mbali, na mashirika mengi yana ile ya kwanza. Kazi kubwa, na gharama kubwa, ni kuigeuza iwe ya pili. Mkiona bajeti ya mradi imeandika leseni na kompyuta na mafunzo, na haina mstari wa kusafisha ramani na kutembelea laini, semeni mapema, hata kama nyinyi ndio wadogo mezani.

Sasa chukueni kalamu, maana nataka mwone kwa nini programu nyingine nzuri sana huenda zisitufae. Laini yetu ya volti ya chini ni ndefu. Mradi wa kitaifa wa kuwaunganishia wananchi umeme, ulioanza mwaka 2015, uliwalenga walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Basi chukua kebo ya juu ya aluminiamu ya milimita 50 za mraba, ambayo ukinzani wake ni kama omu 0.641 kwa kilomita, uivute mita 600. Unapata omu 0.385 kwa kila waya. Weka mwishoni mzigo wa ampea 40 katika kila fezi, fezi zote tatu sawa. Volti 15 zinapotea njiani, na 240 inafika 225. Si vizuri, lakini taa zinawaka. Sasa ondoa fezi mbili, uache ampea 40 katika fezi moja tu. Umeme ule hurudi kwa waya wa nyutro, kwa hiyo unapoteza unapokwenda na unapoteza unaporudi: volti 31. Mteja wa mwisho anabaki na 209, na friji yake inalalamika usiku kucha. Ampea zile zile, waya ule ule.

Kwa hiyo programu inayochukulia kuwa fezi tatu ziko sawa, kama zilivyo nyingi zilizotokana na kazi ya laini kubwa za kusafirisha umeme, itakuambia mambo mazuri ya uongo kuhusu Kisauni. Ulizeni mapema: inakokotoa kila fezi peke yake? Inauhesabu waya wa nyutro? Na ulizeni ilikozaliwa. Marekani husambaza kwa hezi 60, na transfoma ndogo ya fezi moja kwenye nguzo huhudumia nyumba chache zilizo karibu, kwa volti 120 na 240. Laini ya volti ya chini huko ni fupi, basi programu nyingi za huko huishia kwenye transfoma na kuzitupa nyumba zote hapo kama furushi moja. Sisi tuko kwenye hezi 50, transfoma ya fezi tatu moja inabeba mtaa mzima, na shida yetu nyingi iko baada ya transfoma, katika zile mita mia tano au sita za mwisho. Programu inaweza kuwa na jina kubwa duniani na ikawa kipofu mahali hasa tunapoumia.

Kuna na suala la vipimo, ambalo lilinipata mwenyewe. Jedwali la waya lililokuja na programu liliandika ukinzani kwa maili. Mimi niliusoma kama kilomita. Maili ni kilomita 1.609, kwa hiyo zile volti 15 zikawa karibu 25, na nikaandika ripoti ya kutaka waya wote wa laini ile ubadilishwe. Mkuu wangu, mama mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuhesabu nambari moja kwa mkono katika kila ripoti kabla ya kutia sahihi, aliniita. Hakufoka. Alinipa kikokotoo, akaniambia, “Nihesabie laini hii moja, hapa mbele yangu.” Tangu siku hiyo sijapeleka ripoti bila kuikagua laini moja kwa mkono, nanyi mfanye hivyo hivyo. Na msiamini jedwali la waya mlilopewa na muuzaji. Andikeni lenu, kutokana na waya ulioko stoo na ulioko nguzoni, mstari kwa mstari, na mtu wa pili aukague.

Nije kwenye mzigo, ambao ni mgumu zaidi ya waya.

Waya hautembei, mzigo hutembea. Wateja wakubwa wana mita zinazoandika matumizi kila nusu saa, na hao ni raha kuwapanga. Lakini nyumba zetu nyingi ni za tokeni. Mita ya tokeni inakuambia mteja alinunua lini, haikuambii alitumia lini. Mtu analipwa mwisho wa mwezi, ananunua tokeni ya wiki tatu kwa siku moja. Ukiyachukua mauzo ya tokeni ukayafanya ndiyo mzigo wa siku ile, utaona transfoma inazidiwa kila tarehe mosi na kulala usingizi kila tarehe ishirini. Mauzo ya mwezi mzima, au bora ya miezi kadhaa, yanakupa jumla. Sura ya siku, yaani saa ngapi panda na saa ngapi shuka, itabidi muipime wenyewe kwa kuweka kipimo kwenye transfoma chache za kila aina ya mtaa na kuziacha wiki mbili au tatu. Na kumbukeni kwamba nyumba sitini hazifiki kileleni dakika moja. Ukijumlisha kilele cha kila nyumba utanunua transfoma kubwa usiyoihitaji.

Hapo sasa ndipo Mombasa inapotaka programu yake. Programu karibu zote huja na michoro ya mzigo iliyokwisha tengenezwa: nyumba, duka, ofisi, kiwanda, siku ya kazi, mwisho wa wiki. Hakuna niliyoiona iliyokuja na Ramadhani. Katika mitaa ya kisiwani na Majengo na Kisauni, mwezi ule unabadilisha siku nzima. Jikoni huanza mapema alasiri, kilele kinasimama kuzunguka magharibi, watu wanakesha, na saa tisa au kumi za usiku, wakati ambapo mwezi mwingine fida ingekuwa imelala, taa zinawashwa kwa daku. Tena Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza kuelekea katikati ya Machi, mwaka 2025 ikaanza mwanzoni mwa Machi. Ukilinganisha Machi ya mwaka mmoja na Machi ya mwaka mwingine bila kulijua hilo, utaona ukuaji au upungufu ambao haupo. Ndipo ukaongeza kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kunata, feni na viyoyozi havizimwi, na hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zimejaa wageni wa Krismasi. Ramadhani ikikutana na kaskazi ni jambo moja, ikikutana na ubaridi wa kusi ni jingine. Swali la kumuuliza muuzaji ni jepesi: naweza kutengeneza kalenda yangu mwenyewe ndani ya programu hii, bila kukulipa wewe? Wawili kati ya niliowauliza hawakuwa na jibu.

Na ukuaji wenyewe haupandi kwa ngazi sawa. Eneo jipya hukaa kimya, kisha hujaa kwa kasi, kisha hutulia. Dongo Kundu, ambako kumetengwa eneo maalumu la kiuchumi, haiwezi kukadiriwa kwa kuongeza asilimia tano kila mwaka juu ya mzigo wa mashamba; mwekezaji mmoja akija na kiwanda, nambari yako ya miaka kumi inafika kwa siku moja. Nyali nayo, penye nyumba moja na bustani panajengwa ghorofa la familia ishirini. Tafuteni programu inayokuruhusu kukadiria mzigo kipande kwa kipande cha ardhi, na muwe na mtu anayezungumza na idara ya ardhi na mipango ya kaunti.

Siku ya onyesho la wauzaji nakumbuka vizuri. Kila mmoja alileta mtandao wake wa mfano, fida nzuri iliyochorwa ikachoreka, kila kitu kijani, hesabu inaisha kwa kupepesa jicho. Mara ya kwanza tulichagua kwa kutazama vile. Mara ya pili tuliandika tangu kwenye nyaraka za zabuni kwamba kila muuzaji atapewa fida yetu moja, ile ile ya Kisauni, na data yake yote yenye makosa yake, na wiki mbili za kuiingiza. Lazima liwe kwenye nyaraka tangu mwanzo, maana Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 hairuhusu kuwapima watu kwa kigezo ambacho hukukitangaza, wala kuandika vigezo vinavyomtaja muuzaji mmoja kwa jina.

Mmoja alirudi na picha safi kabisa. Kila laini imeungana, kila mteja ana stima. Mwingine alirudi na orodha ya makosa kurasa nyingi: ncha zisizokutana, mita zisizo na transfoma, laini za fezi moja zilizobandikwa transfoma ya fezi tatu. Baadhi ya wanakamati walimpenda wa kwanza. Mimi nilimuuliza: ule ufa wa sentimita 20, programu yako iliufanya nini? Akasema iliuunga yenyewe. Na ile swichi ambayo haipo kwenye ramani? Hakuijua, kwa sababu mahali pale programu ilidhani ni ufa mwingine, ikauunga pia. Mwanakamati wa upande wa uendeshaji, aliyekuwa kimya asubuhi yote, akainua kichwa. Kuunga mahali ambapo kwa kweli pana swichi iliyo wazi ni kuzifanya fida mbili kuwa moja. Programu inayolalamika ndiyo ya kuitaka. Inayonyamaza na kurekebisha mambo kichinichini itakuangusha siku ambayo hutarajii.

Majina mtayasikia: CYME, Synergi Electric, PowerFactory ya DIgSILENT kutoka Ujerumani, ETAP ya Marekani, PSS SINCAL ya Siemens, NEPLAN ya Uswisi. Sitawaambia ipi ni ipi, kwa kuwa kila moja hubadilika kila toleo, na jibu linategemea fida yenu. Lakini kuna moja ambayo kila anayeanza aipakue wiki hii hii: OpenDSS, ya taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, EPRI, ambayo tangu mwaka 2008 ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Haina urembo. Unaandika mtandao kwa maneno, mstari kwa mstari, na ndiyo faida yake, kwa kuwa huwezi kuandika transfoma usiyoielewa. Jumuiya ya wahandisi ya IEEE imechapisha mitandao ya majaribio yenye majibu yake, mmoja mdogo wa nodi 13, yaani maungio 13, na mwingine wa volti ya chini wa mtindo wa Ulaya, hezi 50, volti 416, wenye wateja 55. Huo wa pili unafanana na mitaa yetu. Uendesheni nyumbani hadi mpate majibu yale yale. Mkiongeza QGIS kwa ramani, ambayo nayo ni ya bure, mtaingia kwenye kamati mkiwa mnajua programu inafanya nini ndani ya tumbo lake, na muuzaji atazungumza nanyi kwa adabu nyingine.

Kuhusu pesa nitapita haraka. Leseni hulipwa kwa dola au yuro, nasi tunakusanya shilingi. Bei ya mwaka wa kwanza si bei. Ongezeni ada ya kila mwaka ya matengenezo, idadi ya watumiaji, na gharama ya kila kipengele kinachouzwa kando. Ulizeni kinatokea nini siku mkiacha kulipa: programu inabaki wazi, au inajifunga na modeli yenu, ile sura ya mtandao mliyoijenga, ndani? Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Daini kwenye mkataba kwamba mnaweza kuitoa modeli yote, na majaribio ya kuitoa yafanywe mbele yenu kabla ya malipo ya mwisho, kwa muundo wa wazi kama ule wa IEC 61968, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana data za usambazaji umeme. Na majina ya wateja hayana kazi kwenye modeli. Nambari ya mita inatosha, hasa tangu ipite Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Jambo moja la mwisho kwenye vigezo, nalo msilipunguze hata mkibanwa na bajeti: programu iweze kuhesabu saa zote 8,760 za mwaka, zaidi ya ile saa ya kilele pekee. Zamani saa ya kilele ilitosha. Sasa kila ghala la Changamwe na kila hoteli ya ufukweni inaweka paneli, na mwaka 2024 zilitoka kanuni, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, za kuwaruhusu wateja kurudisha umeme wa ziada kwenye mtandao. Shida ya fida ya namna hiyo inaweza kuwa saa saba mchana Jumapili, mzigo mdogo, jua kali, volti zinapanda badala ya kushuka. Programu inayotazama jioni tu haitaiona.

Basi mmechagua, mmelipa, mafunzo yamefanyika, vyeti vimetolewa. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Mara ya kwanza tulifunza watu wawili, vijana hodari. Ndani ya muda mfupi mmoja alihamishwa bara na mwingine akapata kazi kwingine, na programu ikabaki kwenye kompyuta mbili ikikusanya vumbi, huku sisi tukirudi kwenye Excel. Mara ya pili tulifunza watano, na nikasisitiza mmoja wao awe fundi wa chumba cha udhibiti na mmoja awe mchoraji ramani. Tukaendesha njia ya zamani na mpya pamoja kwa miezi sita. Ilichosha. Lakini kila majibu yalipotofautiana tulijifunza kitu.

Na tukaanza daftari. Daftari la kawaida, la jalada gumu, mezani kwa zamu ya chumba cha udhibiti. Kila swichi inayobaki tofauti na kawaida yake mwisho wa zamu inaandikwa: namba, saa, sababu, na lini inatarajiwa kurudi. Jumatatu saa mbili unusu tunakaa dakika ishirini, mtu wa udhibiti, mchoraji ramani na mmoja wetu, tunausoma ukurasa. Kinachorudi wiki hiyo tunakiacha. Kisichokuwa na tarehe ya kurudi kinaingia kwenye modeli siku hiyo hiyo, na jina la aliyekiingiza linaandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu.

Mafundi wa laini wao wana namba ya WhatsApp. Wakibadilisha transfoma wanatuma picha ya bamba lake na mahali walipo, basi. Mwanzo zilikuja picha chache sana. Kilichobadilisha mambo ni pale tulipoanza kuchapisha michoro ya fida kutoka kwenye programu na kuwapelekea, karatasi kubwa iliyotiwa plastiki ya kuweka garini. Fundi akikuta mchoro umekosea na yeye ndiye atakayeutumia usiku wa mvua, huwa hangoji kuombwa. Yule mzee wa Kisauni alikuwa ameshastaafu wakati huo. Nilimpelekea mchoro wa fida yake nyumbani. Aliutandaza kwenye mkeka, akaufuata kwa kidole hadi nyuma ya madrasa, akapagonga mara mbili, kisha akanionyesha kosa jingine mbele kidogo.

Tuna na kanuni moja ya kujipima, ambayo si ya kitabu chochote. Kila mwezi tunachukua ampea za breka ya fida kama zilivyosomwa sabstesheni, saa ya kilele, na kuziweka kando ya zile ambazo programu inasema. Tofauti ikizidi sehemu kumi kwa mia, fida hiyo haitolewi ushauri wa mteja mpya hadi tujue kwa nini. Mara nyingi sababu ni swichi. Mara nyingine ni transfoma ambayo imeunganishwa na jina la fida nyingine. Mara moja ilikuwa mita ya sabstesheni yenyewe iliyoharibika, na programu ndiyo iliyokuwa na haki.

Kwa kuaminika kwa mtandao, msitumie takwimu za kuharibika kwa vifaa zinazokuja na programu. Zimetoka kwenye nchi zisizo na hewa yetu. Chumvi ya bahari hukaa juu ya vikombe vya laini, vile vinavyoutenga waya na nguzo, miezi yote ya ukavu, na manyunyu ya kwanza ya mvua ya masika yanapoilowesha, umeme hutambaa juu yake na laini hukatika. Kila fundi wa pwani anajua hilo. Tumieni kumbukumbu zenu wenyewe za kukatika kwa umeme, hata kama ni za miaka miwili tu.

Mtakapokwenda kuitembea fida yenu ya kwanza, ombeni ruhusa kwa maandishi, vaeni kofia na viatu vya kazi, msiguse kitu, na mfuatane na fundi wa eneo lile lile. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea. Chukueni maji, kalamu mbili, na daftari lenye mistari, na kwenye kila nguzo mumwache fundi aseme kwanza kabla hamjaifungua ramani.